Mabegi ya Upepo na Trela ya Maji ya Siakago

Mafundi wangu, siku ya kustaafu kwangu, mliponiaga kwa keki na leso, mliniomba niwaandikie niliyoyaona tangu nishike spana. Nimekaa mezani siku tatu sasa, na kila nikishika kalamu kinachokuja si shukrani, ni hasira. Mnisamehe. Nitaanza mwanzo, kama mlivyotaka, lakini hasira yenyewe nitaifikia, kwa sababu naona ndiyo itakayowafaa zaidi.

Mimi ni mtu wa Mikinduri. Nilisomea umekanika kwenye chuo cha ufundi pale kijijini, tukiwa wasichana wawili katika darasa la wavulana. Mwenzangu alichoka kuchekwa, akahamia ushonaji. Mimi sikujua kushona, kwa hivyo nilibaki. Nilipoolewa Embu nilizunguka karakana zote za mji nikitafuta kazi, na iliyonipokea ni ya mzee Njiru, ile ya springi. Injini hakugusa. Gari ikifika na injini mbovu, aliionyesha njia ya kwenda kwa jirani. Yeye alishughulika na kinachobeba: springi, pini, ekseli na chasisi.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwari, unajua kupika chai?"

Nilimjibu kwamba najua.

"Basi leo usiipike. Ukiipika leo, utaipika mpaka ustaafu."

Alinipa gunia la kulalia, akaniambia niingie chini ya lori la mchanga, na nisitoke mpaka niweze kumwambia mahali lilipoonewa. Ndivyo alivyosema. Kwake, gari haliharibiki, linaonewa. Nililala pale saa nzima vumbi likiniingia machoni. Nilipotoka nilisema upande wa kushoto majani ya springi, vile vyuma bapa vilivyopangana, yameng'aa kwenye ncha kuliko kulia, nadhani lori hupakiwa mchanga likiwa limeegeshwa kwenye mteremko. Hakusema vizuri wala vibaya. Alimwita mwenye lori akamuuliza wanapakia wapi. Ilikuwa kando ya mto, mahali palipoinama. Kesho yake nilipata kabati langu la vyombo.

Nilijifunza kupiga jani la springi kwenye chuma baridi hadi lirudie mkunjo wake, kulisikiliza likigongwa, kubadilisha bushi bila kupasua jicho la springi. Nilijifunza kumwambia kila mteja arudi baada ya wiki tukaze tena yuboti, zile boliti zinazofunga springi kwenye ekseli, na nilijifunza pia kwamba hakuna mteja arudiye. Wanarudi yuboti ikishakatika, wakiwa wamekasirika.

Lakini kubwa nililojifunza kwa Njiru ni hili: mtu akija kuomba aongezewe jani, usianze na jani. Nenda ukaone mzigo. Kuna mkulima wa Mitunguu aliyekuja na pikapu iliyolala nyuma kabisa, akitaka majani mawili kila upande. Njiru aliacha kazi, akapanda gari pamoja naye hadi shambani, akakuta ndizi zote zinapangwa nyuma ya gurudumu la nyuma kwa sababu mbele kumewekwa pampu ya maji iliyokufa, ambayo hakuna aliyekuwa na nguvu za kuishusha. Waliishusha wakiwa watu wanne. Mkulima akaenda zake na springi zilezile. Mimi nilidhani tumepoteza kazi. Njiru alisema tumepata mteja, na kweli yule bwana alituletea magari yake yote mpaka mzee alipofariki.

Baada ya mazishi familia yake iliniomba niiendeshe karakana. Hapo ndipo mlipoanza kunijua, kwa hivyo nitaruka miaka mingi nifike kwenye trela.

Mwaka ule mvua ilikosekana Mbeere misimu miwili mfululizo. Shule moja ya wasichana ya bweni karibu na Siakago ilikuwa ikiteka maji kwa pikapu yake ya kebini mbili, ikivuta trela yenye tangi la lita elfu mbili. Dereva aliitwa Ireri. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua la Siakago, na alikuwa ameiendesha pikapu ile tangu iliponunuliwa. Alinijia asubuhi moja ya Jumatatu, tangi likiwa limejaa, kwa sababu nilishamwambia kwenye simu nisingeangalia gari tupu.

"Mama Gatwiri," akasema, "hii gari inaangalia juu kama kuku anakunywa maji. Nikishika usukani naona kama naendesha hewa."

Alisema kweli. Mzigo ulipoikandamiza nyuma, magurudumu ya mbele yalikaribia kuning'inia, na taa zilimulika vilele vya miti. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilimwomba jirani yetu wa duka la nafaka mizani yake ya magunia, tukaitegemeza juu yake shingo ya trela, pale inaposhikana na gari. Ilisoma zaidi ya kilo mia tatu. Kitabu cha gari kiliruhusu karibu nusu ya hapo. Kisha nikainama chini ya trela, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika.

Ekseli ilikuwa imewekwa nyuma mno, tangi lote likiegemea mbele, juu ya shingo. Ndani ya tangi hamkuwa na ukuta wa kuyagawa maji, hivyo gari likifunga breki yote yanakimbilia mbele pamoja. Na trela yenyewe haikuwa na breki. Nasema tena kwa sababu wengine wenu mnasoma haraka: tani mbili za maji na zaidi, nyuma ya pikapu, kwenye miteremko ile, na hakuna hata breki moja. Ubavuni mwake, kwa rangi nyekundu iliyochorwa vizuri sana, kulikuwa na maandishi yaliyosema ni zawadi ya mwenyekiti wa bodi ya shule.

"Nani aliichora ramani ya trela hii?" nikamuuliza Ireri.

"Mwenyekiti mwenyewe. Alisimama na mchomeleaji siku mbili."

Nikamwandikia karatasi ya mambo matatu: ekseli isogezwe mbele, tangi ligawanywe ndani, trela ifungwe breki. Mpaka hapo wabebe mapipa matatu yaliyofungwa kwa kamba, si tangi. Ireri aliisoma, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Alikuwa na uso wa mtu ambaye tayari anajua jibu atakaloletewa.

Jibu lililetwa na mwenyekiti mwenyewe Alhamisi, pamoja na sanduku. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu anayezungumza polepole ili usikose neno.

"Mama fundi, nimesoma karatasi yako. Umeandika mambo mengi. Lakini ugonjwa ni mmoja tu, gari inalala nyuma. Na dawa iko hapa."

Sanduku lilikuwa na mabegi ya upepo. Kama hamjawahi kuyafunga, ni mifuko miwili ya mpira mnene, mmoja kila upande, inayokaa kati ya ekseli na chasisi pale palipo na raba ya kuzuia kugonga. Unaijaza upepo kama gurudumu, nayo inasukuma chasisi juu, gari linanyooka. Alikuwa ameyaona kwenye simu, akaagiza Nairobi.

Nikamweleza. Nilimwambia mabegi haya si mabaya, yana kazi yake. Gari lenye mzigo halali linaloinama kidogo, yanalinyoosha, taa zinaona barabara, dereva anapumzika. Ila hayaongezi nguvu ya ekseli, hayaongezi breki, na hayapunguzi hata kilo moja kwenye shingo ya trela. "Uzito utabaki uleule," nikasema, "tofauti ni kwamba hamtauona tena."

"Wasichana mia sita wanaoga kwa kikombe," akajibu. "Wewe unataka nivunje trela mpya nianze upya? Funga, mama. Mengine tutayaangalia mvua ikinyesha."

Nikayafunga.

Niliyafunga vizuri, na hili nalisema kwa sababu kuna wenzetu mjini wanaoyafunga kama wanatundika nguo. Nilitoa raba za zamani, nikaweka mabano ya chuma ya kuyashikilia mabegi, nikahakikisha begi limesimama wima bila kujipinda. Mipira myembamba ya kupitishia upepo niliikata kwa wembe mpya, si kwa koleo, kwa sababu ukikata mshazari inavuja. Niliipitisha mbali na bomba la moshi. Kila begi nililipa vali yake, kando ya namba ya gari, kwa sababu ukiyaunganisha, kwenye kona upepo unahama kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwepesi, na gari linalala zaidi. Nikapaka maji ya sabuni kila kiungo kutafuta mapovu. Nikamfundisha Ireri kupima kwa geji kila asubuhi, kupunguza upepo akishamwaga maji, na kutoyaacha matupu kabisa, maana hujikunja na kupasuka.

Tukaivuta trela nje. Pikapu ilisimama sawa kama meza. Ireri aliizunguka mara mbili akicheka. "Sasa inaangalia barabara!"

"Ireri, imenyooka, lakini haijapona," nikamwambia. Nikaandika kwenye kadi ya kazi kwa herufi kubwa: MAPIPA MATATU TU MPAKA TRELA IREKEBISHWE. Mwenyekiti alitia sahihi chini yake bila kuinua miwani.

Mnajua kilichofuata. Gari lilipokuwa likilala, kila mtu aliona kuna tatizo. Hata mpishi wa shule aliona. Hata askari wa barabarani, ambao huona mambo machache, waliona. Liliponyooka, hakuna aliyeona kitu. Wiki ya kwanza walibeba mapipa. Wiki ya pili wakajaza tangi nusu, ambayo ni mbaya kuliko kujaza lote kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukimbia. Wiki ya tatu wakalijaza hadi mdomoni, na safari zikawa tatu kwa siku.

Ilikuwa mchana mweupe, kwenye mteremko wa barabara ya murramu unaoshukia mto mkavu. Ireri aliniambia alikuwa gia ya pili. Alisikia mlio nyuma ya kiti chake kama mtu amevunja ubao, halafu sanduku la pikapu likainuka likagusa kebini, na trela ikaanza kumsukuma. Breki za gari moja zilikuwa zinashika mizigo miwili. Usukani haukumjibu. Alichagua ua wa katani badala ya korongo, na ua ule ndio uliomwokoa. Maji yote yalimwagika barabarani, na watu walikuja na ndoo kabla ya kuja na msaada. Bega lake la kulia lilivunjika mahali pawili.

Alikaa hospitali siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu akapokea barua ya kuitwa mbele ya bodi ajieleze kwa nini alikimbiza gari la shule. Ikithibitika, angefutwa kazi.

Mkewe ndiye aliyenipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Mama Gatwiri, Ireri hajawahi kukimbiza hata punda."

Niliingia kwenye chumba cha walimu bila kualikwa, nikiwa na ovaroli kwa sababu nilitoka kazini moja kwa moja. Bodi ilikuwa imeketi upande mmoja, na Ireri upande wa pili, mkono umefungwa kifuani. Mwenyekiti alikuwa akisema kwamba gari lilikuwa katika hali nzuri, limenyooka, kila mtu alikuwa akiliona likipita. Kwa hivyo kilichobaki ni mwendo.

"Mama, hiki ni kikao cha bodi," akaniambia.

"Najua. Naomba dakika kumi, na naomba tutoke nje."

Sijui ni nini kiliwafanya wakubali. Nadhani ni mama mmoja, mwakilishi wa wazazi, aliyesimama kwanza akasema yeye anataka kuona. Wengine wakafuata. Pikapu ilikuwa imeburutwa hadi nyuma ya jiko, kando ya kuni. Nilifunga uzi kwenye chasisi chini ya kebini nikauvuta hadi mkiani. Kama chasisi ingekuwa nzima, uzi ungeilalia mwanzo hadi mwisho. Pale katikati ungeweza kupitisha ngumi.

Nikaokota ukuni. "Springi hubeba chasisi kwa ncha zake mbili, mbele na nyuma, uzito unagawanyika," nikawaambia. "Begi husukuma mahali pamoja tu, hapa. Trela nayo inavuta mkia chini, kule." Nikauweka ukuni gotini nikauvunja. "Tazameni ufa umeanzia wapi."

Ulikuwa umeanzia kwenye bano la begi, pande zote mbili, sawa kama umepimwa. Yule mama alipitisha kidole juu yake.

"Na nani aliyeyafunga hayo mabegi?" mwenyekiti akauliza. Aliuliza polepole, kama kawaida yake.

"Ni mimi."

"Basi tumempata mwenye kosa."

"Mmepata mmoja," nikasema. "Kosa langu nalibeba. Na aliyeagiza tangi lijazwe ni nani?"

Ireri ndiye aliyezungumza, kwa sauti ndogo. "Nilionyesha ofisini karatasi zote mbili. Nikaambiwa fundi anaogopa bure, gari si imenyooka?" Akatoa kadi ya kazi kutoka mfukoni kwa mkono wa kushoto. Mama mwakilishi akaisoma kwa sauti, herufi kubwa zote, kisha akasoma jina la aliyetia sahihi.

Mnadhani mwenyekiti alijiuzulu? Mnadhani aliomba msamaha? Kumbukumbu za kikao ziliandika "hitilafu ya gari", kana kwamba gari liliamka asubuhi likaamua. Ireri hakufutwa, hilo nashukuru, lakini kwa bega lile hakuweza tena kuendesha. Alipewa lango la shule. Trela iliuzwa. Mwaka uliofuata niliiona Mitunguu, imepakwa rangi ya kijani, tangi limeondolewa, imejazwa ndizi, ekseli palepale, bila breki. Nilimsimamisha dereva nikamwambia. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaniita mama, akaondoka nayo.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuparuka. Nilimtembelea Ireri nyumbani kwake, mkewe akatuletea uji wa wimbi. Tulikunywa. Nikaanza kumlaani mwenyekiti, bodi, wauza mabegi na simu zao. Niliendelea kwa muda mrefu. Ireri aliniacha nimalize, kisha akauliza swali ambalo bodi nzima haikuuliza.

"Mama Gatwiri, si ulikuwa unajua? Kwa nini hukukataa?"

Nilitaka kusema ni mzee wa kanisa. Nilitaka kusema wasichana walikuwa na kiu. Vyote viwili ni kweli. Lakini alikuwa ananiangalia na mkono umefungwa kifuani, nikaona nimwambie lililo la kweli zaidi.

"Nilikuwa sijawahi kuyafunga, Ireri. Yalikuwa vyombo vizuri. Nilitaka kuona kama naweza."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema, "Uliweza," akamwomba mkewe aniongeze uji.

Ndiyo sababu tangu siku ile mliniona nikiweka mizani mlangoni, na kila aliyetaka mabegi alipima shingo ya trela yake kwanza, mbele yangu, akasoma namba mwenyewe. Waliopita uzito ulioruhusiwa waliondoka bila mabegi. Najua mlinung'unika. Najua walikwenda kwa jirani akawafungia saa ileile, wakapita mbele ya lango letu wamenyooka, wengine wakapiga honi. Mmoja wenu aliniambia nina kiburi. Ninacho. Kipateni na nyinyi mkiweza, kwa sababu mtaletewa masanduku mazuri kuliko lile, na mikono yenu itawawasha.

Ireri husali kanisa letu siku hizi, tangu mwanawe ahamie Embu naye akamfuata. Kila Jumapili tukitoka hunijia kunisalimia. Mkono wa kulia haupandi, kwa hivyo hunipa wa kushoto, na kwa kuwa alilelewa vizuri, kila mara huniomba radhi.